Kuchemsha Mara Mbili

Mwenyekiti wa soko alivua kofia yake, jambo ambalo hakulifanya hata mbele ya wakubwa zake, akainamisha kichwa ili kila aliyekuwamo kibandani aone. Nyuma ya sikio la kushoto palikuwa na mapunye mawili ya duara, yenye ukoko mweupe.

"Mapunye," alisema. "Mimi. Mtu mzima mwenye wajukuu, nimeshikwa na ugonjwa wa chekechea."

Hakuna aliyecheka. Watu wa benchi walikuwa na desturi ya kumtazama kinyozi kwanza ndipo wajue kama jambo linachekesha, na kinyozi alikuwa amekauka na mashine mkononi. Kibanda chake hakikuwa kitu cha kujivunia: viti viwili, kioo chenye ufa, na benchi la wanaosubiri. Lakini watu walivipita vibanda vingine wakaja hapo, kwa sababu ya huyu waliyemwita Wembe. Jina hilo hakulipata kwa kunyoa. Alilipata kwa ulimi.

"Sisemi ni wewe," Mwenyekiti aliendelea, akijipangusa. "Wewe msafi, tunakujua. Nauliza tu kama mteja. Haya mataulo anafua nani?"

Swali lile lilikuwa na jibu ambalo soko zima lililijua. Liliulizwa ili jibu litajwe kwa sauti. Mataulo aliyafua mke wa Wembe, dobi wa mtaa, ambaye mumewe alimtania kwa jina la Bibi Sabuni. Na Bibi Sabuni alikuwa Pekupeku.

Jina la dhehebu lao wenyewe lilikuwa refu na zuri, lakini mtaani hakuna aliyelitumia. Kila siku ya ibada walitoka majumbani kwao bila viatu, wakatembea hivyo hadi kwenye banda lao la mabati na kurudi, ili wanyenyekee. Basi wakaitwa Pekupeku, likawaganda. Wembe hakuwa na dini yoyote, na hii ya mkewe alikuwa akiinyoa bila maji kwa miaka mingi.

"Yule Mlezi wao," ndivyo alivyozoea kusema, mkasi ukilia hewani, "anashuka garini na viatu vinang'aa hadi unajiona. Anavivua mlangoni. Waumini wametoka bondeni nyayo zimepasuka, yeye amenyenyekea kwenye zulia." Benchi lingeangua kicheko. "Halafu juma la toba hakuna kunywa dawa. Ati kipitacho kinywani huvunja toba. Na mate je? Wanayatema?"

Na tuseme kweli, hakukosea. Zulia lilikuwapo, gari lilikuwapo, na wagonjwa walioweka dawa zao juu ya kabati juma zima kwa amri ya mtu mwenye afya njema walikuwapo pia. Mtu akiyaona hayo akanyamaza, basi ana lake.

Lakini siku hiyo hapakuwa na mtu aliyeuliza juu ya Mlezi.

"Mimi nawaza tu," alidakia fundi viatu kutoka kwenye benchi. "Miguu ile inakanyaga kila uchafu wa njiani. Halafu inarudi nyumbani, inaingia beseni moja na nguo zetu." Fundi viatu alikuwa na chuki yake ya siku nyingi. Watu wanaopumzisha viatu siku nzima kila juma, kwake walikuwa maadui wa kazi.

Macho yote yakamgeukia Wembe. Na Wembe alijua kitu ambacho wao hawakukijua. Spiriti ya kusafishia mashine ilikuwa imemwishia zamani kidogo, na kwa uvivu tu, wala si kwa shida, alikuwa akipangusa meno ya mashine kwa kitambaa kikavu, kichwa hadi kichwa. Mapunye ya Mwenyekiti yalitoka mkononi mwake mwenyewe. Angeweza kusema. Badala yake ulimi, uliozoea kumwokoa, ukamwokoa.

"Jamani, msiogope," alisema, akalikung'uta taulo kwa mbwembwe. "Haya nayachemsha mara mbili. Mara ya kwanza kutoa uchafu wenu. Mara ya pili kutoa Upekupeku!"

Walicheka hadi fundi viatu akashika mbavu. Mwenyekiti naye akacheka, akavaa kofia, kisha akaivua tena na kuketi kwenye kiti. "Haya, ninyoe," alisema. "Mradi umechemsha."

* * *

Mzaha hutembea upesi kuliko miguu. Wembe alipofika nyumbani jioni, ulikuwa umeshafika, umeketi, umekunywa maji.

Mkewe alikuwa anapiga pasi. Kwa kawaida saa hizo ndizo walizobishana. Yeye akikunja nguo za watu, mumewe akivua viatu, wangeanza na Mlezi na kumalizia na Muumba wa mbingu, na Bibi Sabuni hakuwa mtu wa kushindwa kirahisi. Siku moja alimuuliza mumewe kama ana hakika hakuna Mungu, mbona anamsema kila siku kama shemeji aliyemdhulumu. Wembe alicheka hadi akakosa usingizi. Ubishi ule ndio ulikuwa unyumba wao, na majirani waliosikia kelele wakadhani ni ugomvi walikuwa hawajui kitu.

Leo mke hakuinua kichwa.

"Nimeambiwa bombani nijichemshe mara mbili kabla sijashika mfereji."

"Aa, ule ulikuwa utani tu."

"Utani wako naujua, nimeolewa nao." Aliisimamisha pasi. "Ukisema Mlezi mwongo, nakujibu. Ukisema toba yetu ni njaa ya bure, nakujibu, na siku nyingine nakushinda. Hayo ni maneno juu ya dini, yana majibu. Hili la leo nilijibu vipi? Dini iko wapi hapo? Hapo kuna taulo na mikono yangu."

"Mke wangu, kulikuwa na watu..."

"Shati ulilovaa ukisema hivyo limefuliwa na mikono gani?"

Wembe akaketi. 

"Spiriti umenunua?" mkewe aliuliza.

Wembe akaanza kufungua kamba za viatu.

"Nilikwambia ununue. Sikukwambia?"

"Uliniambia."

"Basi mapunye ni ya mashine zako na unajua. Kesho uwaambie. Pale pale kibandani, mbele ya wale wale."

"Nikiwaambia, nani atakaa kwenye kiti changu?"

"Na mimi nani ataniletea nguo?"

Hapo Wembe akafanya kama afanyavyo mtu aliyebanwa: akakimbilia uwanja anaoujua. Alisema kama mkewe angekiacha kile kikundi, maneno yote yangekufa yenyewe. Alisema kile kikundi kitamuua Shangazi. Huyo Shangazi ndiye aliyemlea Wembe baada ya mama yake kufariki. Aliishi peke yake katika chumba cha uani, alikuwa Pekupeku wa tangu zamani, na alikuwa na ugonjwa wa sukari.

"Shangazi anakunywa dawa juma zima la toba," mkewe alisema. "Anapewa na nani?"

"Na wewe."

"Na kwa nini ananisikiliza mimi, wewe bingwa wa maneno hakusikilizi? Kwa sababu nafunga naye. Nakaa naye na njaa yangu, namwambia, mama, Mungu hawezi kukasirikia kidonge. Ananiamini kwa kuwa sina ninachokiwinda kwake. Umewahi kumwambia Mlezi jambo hilo usoni? Mimi nimemwambia. Mbele ya watu wote, na nilikuwa peku."

Wembe akasema amechoka. Mkewe akachukua pasi tena. Hawakubishana tena jioni hiyo, wala hawakucheka.

* * *

Kesho yake asubuhi Wembe alinunua spiriti kimyakimya, akazisafisha mashine hadi zikanukia kama hospitali. Baada ya siku chache mapunye yakakoma. Soko likapata ushahidi wake. "Mmeona?" fundi viatu aliwaambia watu. "Tangu aanze kuchemsha mara mbili hakuna aliyeugua tena. Ndio wao!"

Na uongo unaofanana na kweli kiasi hicho hauna dawa. Wa kwanza kuchukua nguo zake kwa dobi alikuwa mke wa Mwenyekiti, aliyesema anataka kuzifua mwenyewe kwa ajili ya mazoezi. Wa pili hakusema kitu, alituma mtu. Baada ya hapo hawakutuma hata mtu. Kamba za Bibi Sabuni zilizokuwa zikipeperusha mashati ya mtaa mzima zikabaki na nguo mbili tatu za nyumbani kwake. Watoto wakimwona walipiga kelele "Mara mbili!" na kukimbia, na mama zao wakawakaripia kwa sauti ya kicheko.

Bomba la maji lilikuwa ng'ambo ya barabara, mkabala na kibanda. Wembe aliona yote kupitia kioo chake, hata akiwa amewapa mgongo. Siku moja alimwona mkewe amefika wa tatu kwenye foleni. Mwanamke mmoja akaiondoa ndoo yake kwa mguu. Kwa mguu tu, hakujisumbua kuinama, akaisukuma hadi mwisho. Mkewe akaifuata ndoo. Alipokaribia tena, ikasukumwa tena. Wengine walikuwa wanazungumza mambo yao, maana jambo lile lilikuwa limeshakuwa la kawaida. Kisha mkewe akageuka, akatazama kibandani moja kwa moja. Hakuita. Alitazama tu, kama mtu anayesoma bango kujua duka limefunguliwa au limefungwa.

Wembe alishusha macho kwenye kisogo cha mteja.

"Tunakusaidia, ndugu yangu," alisema Mwenyekiti, ambaye ndiye aliyekuwa kitini. "Miaka yote hiyo umemwambia aache, amesikia? Waswahili wanasema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Basi asiyefunzwa na mumewe naye ana bomba."

Benchi likacheka. Wembe hakucheka, lakini maneno yale yalimwingia kama maji baridi siku ya jua, na hilo ndilo la kumlaumu kuliko hata ule mzaha. Mzaha ulimtoka. Hili alilikaribisha. Alijiambia: huenda. Huenda lile ambalo hoja zangu zote nzuri zimeshindwa, ndoo moja italiweza. Dawa chungu ndiyo iponyayo. Hakuwachukia wale wanaomdhalilisha mkewe, kwa kuwa alifikiri wamo katika upande wake. Yeye aliyewacheka watu kwa kutii bila kufikiri akaamua kutofikiri zaidi ya hapo, akampulizia Mwenyekiti vinyweleo shingoni.

* * *

Ikafika siku moja ya ibada, Bibi Sabuni akaamka, akaoga, akavaa viatu. Akaketi kitandani navyo.

"Huendi?" Wembe aliuliza.

"Nimeacha."

Wembe alimkumbatia. Alisema mengi, kwamba amekuwa huru, kwamba ni mwanamke jasiri, kwamba alijua tu siku moja akili itashinda. Mkewe alimwacha aseme, mikono yake imelala mapajani. Nje Pekupeku wenzake walikuwa wanapita, mmoja mmoja, wakikwepa vijiwe, na Shangazi alikuwa miongoni mwao na fimbo yake. Alisimama kidogo mbele ya mlango. Kisha akaendelea na safari yake.

Sokoni walimpokea Wembe kama bwana harusi. Mwenyekiti alimpa mkono. Fundi viatu alitaka kujua kama mkewe amenunua viatu vipya au ana vya zamani. Nguo za kufua zikaanza kurudi, kwanza mashuka, baadaye mashati, baadaye hata nguo za ndani. Bombani walimpisha. Wote walikuwa wema, na katika wema wao hapakuwa na hata mmoja aliyesema samahani, kwa sababu walijiona wamemtendea hisani.

Jioni Wembe akavua viatu, akaanza kama zamani.

"Nasikia Mlezi kabadilisha gari."

"Ndiyo."

"Kama Mungu wao anapenda unyenyekevu, mbona hampi baiskeli?"

"Ndiyo."

"Ndiyo nini?"

"Ndivyo unavyosema."

Akamchokoza siku hiyo, na siku iliyofuata, na juma lililofuata. Alisema mambo ambayo hata yeye hakuyaamini. Alisema hakuna mtu mwenye dini duniani aliyewahi kuwa mwema bure. Zamani kwa neno kama hilo angetupiwa mto. Mkewe alikunja shati, akapanga kola, akaitikia ndiyo. Nyumba ilikuwa na amani kama nyumba ya wapangaji wasiojuana. Wembe, aliyekuwa ameshinda, akaanza kuchelewa kurudi.

* * *

Juma la toba lilipoanza, mkewe aliamka mapema, akachukua vidonge vya Shangazi na kikombe cha maji, akaenda uani. Wembe alimfuata hadi pembeni ya ukuta. Alimsikia akibisha mlango.

"Nani?"

"Mimi, mama."

"Wewe nani?"

"Mama, nimekuletea dawa. Kama siku zote."

Mlango haukufunguliwa. "Siku zote ulikuwa unafunga nami," sauti ya Shangazi ilisema. "Ulikuwa ukiniambia ninywe, nasikia mwenzangu ananihurumia. Leo ukiniambia ninywe, namsikia Mwenyekiti. Namsikia yule wa ndoo. Rudi nyumbani, mwanangu. Sikulaumu. Ila sitakunywa."

Mkewe alisimama hapo hadi maji ya kikombe yakapata vumbi. Alipopita, Wembe alimwona uso, na akaona afadhali angelia.

Basi akaenda mwenyewe na vidonge vile. Alienda mchana, akaruhusiwa kuingia kwa kuwa ni mtoto wa nyumba. Shangazi alikuwa amelala ubavu, na katika kisigino cha mguu wa kulia palikuwa na kidonda kibichi, cha kokoto ya njiani. Wembe alikiona. Akazungumza vizuri kuliko alivyowahi kuzungumza maishani. Alieleza sukari inavyofanya damu. Alieleza kwa nini mgonjwa wa sukari hapaswi kutembea peku hata chumbani. Alieleza kwamba Mungu wa kweli, kama yupo, hawezi kutaka mguu wa mwanamke mzee. Kila neno lilikuwa sahihi. Daktari asingeongeza kitu.

Shangazi alimsikiliza hadi mwisho.

"Mwanangu, unajua ile yako ya zulia nilikuwa naicheka?" alisema. "Nilikuwa nawasimulia wenzangu huko huko bandani, tunacheka chini kwa chini. Uliitukana dini yetu tangu ukiwa kijana, na mimi nikawa nakupikia. Sikuona vibaya. Nilisema, ana uchungu nasi, anataka tufumbue macho."

"Ndivyo, Shangazi. Ndivyo."

"Halafu nikamwona mkeo bombani. Na wewe nikakuona, umeshika mashine, unaangalia chini. Nikasema kumbe. Huyu hataki tupone. Anataka tusiwepo." Akavuta kanga, akajifunika mguu. "Sasa unaniletea dawa. Nitajuaje ni ya kuniponya au ya kuniondoa?"

Wembe alifungua kinywa. Ulimi haukumwokoa.

Juma likaisha, na Shangazi, aliyemwambia Wembe kidonda kimepona, akakificha kwa aibu, kwa ukaidi, kwa yote mawili. Majirani walipohisi harufu, mguu ulikuwa umeshabadilika rangi. Hospitali walimkata chini ya goti. Mlezi alituma salamu za pole kupitia dereva wake.

* * *

Kibanda kilikuwa kimejaa siku iliyofuata upasuaji. Kila mtu alitaka kunyolewa, au kukaa karibu na habari. Mwenyekiti alikuwa kitini, shuka jeupe shingoni, na Wembe alikuwa amemaliza upande wa kulia. Mikono ilifanya kazi kwa mazoea. Alikuwa hajalala.

"Pole sana na Shangazi," alisema fundi viatu.

"Asante."

"Ni dini hiyo, si nyingine. Ulisema wewe, ukasema, ukasema. Walikusikia?"

"Hawakunisikia."

"Wakaidi hao," Mwenyekiti alisema, akijitazama kiooni, nusu kichwa king'aacho, nusu kichaka. Mdomo ukaanza kumcheza, kwa maana alikuwa na kitu, na kitu hicho alikuwa amekitunza tangu asubuhi. "Lakini jamani, jina sasa itabidi tulibadilishe. Mtu ana mguu mmoja, utamwitaje Pekupeku? Huyo ni Peku. Moja tu, imetosha!"

Fundi viatu alitoa mlio puani. Halafu wote, kama desturi, wakamtazama Wembe wajue kama inachekesha.

Na ubaya wake ni kwamba ilikuwa nzuri. Wembe aliyajua matani kama fundi ajuavyo mbao, na lile lilikuwa limerandwa vizuri. Angeweza kulitunga yeye. Lilikuwa la shule yake, lilisemwa na mwanafunzi wake, juu ya mwanamke aliyemwosha na kumlisha.

Alizima mashine.

"Toka," alisema.

"Unasemaje?"

"Toka kwenye kiti changu."

Mwenyekiti alicheka, akidhani mzaha unaendelea. "Acha mchezo, Wembe. Hujamaliza."

"Sijamaliza, ndiyo. Na sikiliza nikwambie, na nyinyi wengine sikilizeni. Yale mapunye yalitoka kwenye mashine hii. Spiriti iliniishia, nikawa nawanyoa na kitambaa kikavu. Nilikuwa najua siku ile ile ulipovua kofia. Mke wangu ndiye aliyeniambia ninunue spiriti, sikununua. Mataulo yake yalikuwa safi kuliko vichwa vyenu."

Benchi likapoa. Mtu mmoja alijigusa kisogo.

"Umetunyoa na ugonjwa," Mwenyekiti alisema polepole, "ukatuacha tukimsingizia mkeo?"

"Ndiyo."

"Basi wewe ni mshenzi kuliko sisi."

"Ndiyo. Na ile dini ni ya uongo, nitaisema hadi naingia kaburini. Mlezi nitamsema, toba yao nitaisema. Lakini Shangazi yangu huwezi kumcheka hapa. Toka."

Mwenyekiti alisimama, akatupa shuka chini, akaweka kofia juu ya kichwa chenye pande mbili. Mlangoni aligeuka akasema kibanda hicho kimesimama kwenye soko lake, na kesho kila mwenye kichwa atajua. Fundi viatu akatoka naye. Wengine wakafuata bila kuaga, wakipishana mlangoni kwa haraka kama kwamba ugonjwa wenyewe ulikuwa umesimama katikati ya chumba.

* * *

Mkewe alikuwa kwenye benchi la nje ya wodi, na bakuli la uji uliofunikwa kwa sahani. Wembe aliketi kando yake, akamsimulia yote, tangu Peku hadi kofia. Alisimulia vizuri, hakuweza kusimulia vibaya. Alipofika kwenye nusu kichwa alisubiri kidogo.

Mkewe hakucheka.

"Umesema vyema," alisema. "Ungesema siku ya taulo, leo nisingekuwa nimekaa hapa."

"Najua."

"Usiseme najua. Kila kitu unajua." Sauti yake ilikuwa imepanda. Muuguzi aliyepita aliwatazama. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile ya viatu kumpandishia mumewe sauti, na Wembe, Mungu amsamehe kama yupo, alifurahi. "Siku ya ibada narudi."

"Kwa yule Mlezi? Baada ya haya?"

"Ubaya wa yule niliujua kabla yako. Sikuacha kwa kuwa ulinishinda kwa hoja, wala sirudi kwa kuwa yeye kanishinda. Namwamini Mungu, hilo halikuhusu, au likikuhusu tutabishana. Lakini pale bandani kuna wengine wenye sukari, na wa presha, na msichana wa kifafa. Juma la toba litarudi. Nani atawaambia wanywe dawa? Wewe? Mwenyekiti?"

Wembe alitazama viatu vyake. Akasema, "Nitakusindikiza. Nitavua viatu, tutembee wote, watuone."

"Huamini, utavua viatu vya nini? Unataka kuwafanyia maonyesho." Alichukua bakuli, akalipima joto kwa kiganja. "Wa kwangu niachie mimi, nitasema nao. Wewe una wa kwako. Fungua kibanda kila siku, useme nao."

"Hakuna atakayekuja, mke wangu. Kufikia sasa soko zima limeshasikia. Kesho watavuka barabara wakiniona."

"Watavuka," mkewe alikubali, akisimama. "Mwanzoni inauma. Baadaye unajifunza kutembea ukiangalia mbele, na ndoo yako unaibeba mkononi, huiweki chini."

Akausukuma mlango wa wodi kwa bega, akaingia kumlisha Shangazi.